Wittenberg 1522: Ibada Ilipobadilika Kabla ya Mioyo

Mabishano kuhusu ibada si mapya katika Kanisa. Wapo washarika wanaosema kwamba liturgia yetu imekuwa jambo la kukariri tu, midomo inaitikia na moyo uko sokoni. Wapo wengine wanaosema kwamba vipaza sauti, vinanda na kurukaruka vimeigeuza nyumba ya Bwana kuwa ukumbi wa burudani. Kila upande una hakika kwamba ibada yake ndiyo inayompendeza Mungu. Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kwenda taratibu katika jambo hili, maana Matengenezo ya Kanisa yalipokuwa bado machanga, swali hilohilo liliwagawanya waumini wa Wittenberg. Habari hiyo inatufaa hata leo.

Mwanzoni mwa karne ya 16 mji huo wa Ujerumani haukupungukiwa na ibada. Katika Kanisa la Ngome zilisomwa misa kila siku. Nyingi zililipiwa kwa ajili ya marehemu, na nyingine padri alizisoma bila ushirika kuwapo. Friedrich, mtawala wa Saksonia, alikuwa amekusanya humo masalia ya watakatifu yapata 19,000 kufikia mwaka 1520, na aliyekwenda kuyatazama na kutoa sadaka aliahidiwa kupunguziwa adhabu ya toharani. Kosa kubwa aliloliona Martin Luther halikuwa mavazi wala mishumaa. Lilikuwa kwamba misa imegeuzwa kazi ya mwanadamu ya kumlipa Mungu, wakati katika Meza ya Bwana Mungu ndiye anayetoa na sisi ndio tunaopokea.

Mwaka 1521, baada ya kukataa kuyakana maandishi yake huko Worms, Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg. Huko Wittenberg uongozi wa mabadiliko ulishikwa na wengine, hasa Andreas Karlstadt, mwalimu mwenzake wa chuo kikuu. Siku ya Krismasi ya mwaka huo Karlstadt aliongoza Chakula cha Bwana bila mavazi ya kipadri. Maneno ya kuwekwa kwa sakramenti aliyasema kwa Kijerumani, kisha akawapa watu mkate na kikombe mikononi mwao. Kwa vizazi vingi washarika walikuwa wamepewa mkate tu, tena kinywani. Mwezi Januari 1522 baraza la mji lilitoa amri ya kuondoa sanamu makanisani na kuanzisha hazina ya pamoja ya kuwasaidia maskini. Muda mfupi baadaye baadhi ya watu hawakungoja tena utaratibu. Waliingia kanisani na kuzivunja sanamu kwa mikono yao.

Tumtendee Karlstadt haki. Mengi aliyoyafanya Luther mwenyewe alikuwa ameyafundisha: kikombe kwa wote, Neno kwa lugha ya watu, kukomesha misa za kulipiwa. Lakini jambo lililokuwa mwiko jana lilifanywa sheria leo, na watu wengi walikuwa hawajafundishwa. Mtu aliyeamini tangu utoto kwamba kukigusa kikombe ni kukufuru aliambiwa akishike, naye dhamiri yake ingali inatetemeka. Mkono ulinyoshwa, moyo ukabaki nyuma.

Luther alirudi tarehe 6 Machi 1522, ingawa Friedrich hakutaka atoke mafichoni. Kuanzia Jumapili ya tarehe 9 hadi tarehe 16 alihubiri kila siku, mahubiri nane kwa jumla. Hakuanza kwa kuutetea utaratibu wa zamani. Aliwaambia kwamba mafundisho yao ni sawa, ila upendo hauonekani kwao, na imani isiyo na upendo haitoshi. Wenye nguvu walikuwa wamekimbia na kuwaacha ndugu zao dhaifu njiani. Akawakumbusha pia kwamba yeye mwenyewe hakumlazimisha mtu. Alihubiri, akafundisha na kuandika. Kazi nyingine yote ilifanywa na Neno, hata yeye akiwa amelala. Na alipofika kwenye Chakula cha Bwana alisema jambo zito zaidi: tunda la sakramenti hii ni upendo. Waliokuwa wakigombania namna ya kuupokea mkate walikuwa wamepewa na Mungu kila kitu chema, lakini hawakutaka kumpa jirani chochote.

Baada ya hapo mavazi na Kilatini vilirudi kwa muda, lakini maneno yaliyoifanya misa kuwa dhabihu ya mwanadamu yaliachwa. Kisha kazi ya kufundisha ikaendelea. Mwaka 1523 Luther alitoa mwongozo wa misa ya Kilatini iliyosafishwa. Mwaka 1524 kilitoka kitabu kidogo cha nyimbo nane za Kijerumani, nne kati yake zikiwa za Luther, ili watu waimbe imani yao wenyewe. Misa ya Kijerumani ilianza kutumika rasmi Wittenberg wakati wa Krismasi ya 1525, ikachapwa mwaka 1526. Luther akawasihi wasomaji wake wasiifanye kuwa sheria ya kufunga dhamiri za watu.

Tukihesabu, toka Krismasi ya Karlstadt hadi Krismasi hiyo ni miaka minne. Lugha ya watu ilifika madhabahuni katika nyakati zote mbili. Safari ya pili ilitanguliwa na mafundisho na nyimbo, na washarika walijua wanachokipokea.

Kwa hiyo historia hii haimpi ushindi mtu yeyote katika ugomvi wetu. Anayetaka mabadiliko akumbuke kwamba ibada mpya inayowakanyaga wazee waliolelewa katika liturgia haijawa safi kwa sababu ni changamfu. Anayelinda ya zamani naye akumbuke kwamba Luther alibadilisha, tena sana. Uvumilivu wake kwa walio dhaifu haukuwa kisingizio cha kukaa palepale. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linafundisha kwamba umoja wa Kanisa unasimama juu ya Injili kuhubiriwa kwa usafi na sakramenti kutolewa ipasavyo. Taratibu zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Ndiyo maana katika miaka ya 1960, pale Makumira, mmisionari Howard Olson aliweza kukusanya nyimbo za Kikristo zenye tuni za Kiafrika, nazo zikaimbwa pamoja na tenzi zilizoletwa na wamisionari wa Kijerumani. Zote mbili zingali zinaimbwa makanisani mwetu.

Nabii Amosi, katika sura ya tano, anatangaza kwamba Mungu amezichukia sikukuu na nyimbo za watu wake. Hasemi kwamba waliimba vibaya, wala kwamba walikosea utaratibu. Haki haikutiririka miongoni mwao, na maskini walionewa langoni. Naye Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikula Chakula cha Bwana huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa.

Basi tunapokutana kuzungumzia ibada katika baraza la wazee, tuanze na maswali ambayo Wittenberg iliyajifunza kwa uchungu. Je, katika ibada yetu Mungu ndiye anayetoa, au tunajionesha mbele zake? Je, yule aliye dhaifu kati yetu anaelewa na kuchukuliwa pamoja nasi? Na mjane anayeketi benchi la nyuma, ambaye jana hakuwasha jiko, atarudi nyumbani na nini baada ya baraka ya mwisho? Swali hili la tatu halimo katika kitabu cha liturgia, lakini Mungu hutuuliza kila Jumapili.