Kiapo cha Asiyeamini

Agosti 1857, mgeni mmoja aitwaye Baron de Gleichen alifika katika mahakama ya Marlborough Street, London, kumshitaki mwizi. Kabla hajasikilizwa alitakiwa kuapa, na alipoulizwa kuhusu imani yake akasema wazi kwamba haamini kuwepo kwa Mungu. Shauri lake likaishia hapo. Asiyeamini hakuruhusiwa kuapa, asiyeapa hakuruhusiwa kutoa ushahidi, na bila ushahidi mwizi hakuwa na kesi ya kujibu. Mwaka huohuo, katika mahakama ya Old Bailey, watu wawili walikataliwa kuketi kwenye juri kwa sababu hiyohiyo, na mmoja wao akatukanwa na jaji juu yake.

Wanafalsafa wamebishana tangu zama za Plato kama wema unasimama wenyewe au unamtegemea Mungu. Mahakamani mjadala huo uliacha kuwa wa vitabuni. Aliulizwa mfanyabiashara, fundi, mama mjane, na jibu likaamua kama atapata haki yake au atarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo sababu historia ya kiapo inatufundisha mengi kuliko risala nyingi za falsafa.

Msimamo wa wakubwa wa Uingereza uliwekwa bayana na mwanafalsafa John Locke mwaka 1689. Katika barua yake maarufu ya kutetea uvumilivu wa dini, alikataa kuwavumilia wanaomkana Mungu, akidai kwamba ahadi, mkataba na kiapo haviwezi kumfunga mtu wa namna hiyo. Inasikitisha kwamba kalamu iliyotetea uhuru wa dhamiri kwa nguvu namna ile ilisita hapo.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo ulitiwa na waumini wenyewe. Waquaker, ambao kanisa lao limeota mizizi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, tangu 1902, walikataa kuapa kwa sababu Yesu alikataza viapo. Kwao ndiyo iwe ndiyo, siku zote, mbele ya jaji au sokoni. Wengi walifungwa kwa msimamo huo, hadi Bunge lilipowaruhusu mwaka 1696 kuthibitisha tu bila kuapa, ingawa si katika kesi za jinai. Kisha mwaka 1744 ikaja kesi ya Omychund, mfanyabiashara wa Kihindu, dhidi ya Barker. Mashahidi wake walikuwa wameapishwa Calcutta kwa desturi yao, kwa kugusa mguu wa Brahmin. Majaji wakaamua kwamba kiapo cha yeyote anayemwamini Mungu anayeadhibu uongo kinakubalika. Mlango ukawafungukia Wahindu na Waislamu. Asiyeamini akabaki nje.

Lakini je, ni kweli kwamba bila hofu ya Mungu mtu hushindwa kushika ahadi? Pierre Bayle, Mprotestanti wa Ufaransa aliyekimbilia Rotterdam, alilikana hilo mwaka 1682 katika kitabu alichokiandika kwa kisingizio cha kuzungumzia nyota yenye mkia. Alisema watu hawaishi kwa kufuata itikadi zao. Wanaongozwa na tabia, tamaa, na zaidi ya yote kuogopa aibu mbele ya wenzao, hivyo jamii ya wasioamini inaweza kabisa kuwa na utaratibu. Hoja yenye mwelekeo huo ilikuwa imekwisha kujadiliwa miaka mingi kabla yake katika miji ya Basra na Baghdad. Wanazuoni wa Kiislamu wa Muutazila, akiwemo Kadhi Abdul-Jabbar aliyefariki 1025, walishikilia kwamba ubaya wa dhulma hutambuliwa kwa akili, hata na asiyefikiwa na wahyi. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa katika madhehebu yao kisha akawaacha, akashikilia kwamba jema ni jema kwa sababu Mwenyezi Mungu ameliamrisha. Itikadi ya Ashaira, wafuasi wake, ndiyo iliyofundishwa kwa karne nyingi katika vyuo vya Kishafii vya mwambao wetu, kwa hiyo swali hili si geni kwetu hata kidogo.

Mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyeisimulia kesi ya Gleichen mwaka 1859, aligusa kiini. Sheria ile iliamini kwamba asiyeamini ni mwongo, lakini ikamkataa yule tu aliyesema kweli juu ya nafsi yake. Mwongo halisi angeapa bila wasiwasi, akapita.

Yaliyompata Charles Bradlaugh, asiyemwamini Mungu, yalionyesha hilo mbele ya taifa zima. Alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akaomba kuthibitisha badala ya kuapa. Akakataliwa. Akasema basi yuko tayari kuapa; akakataliwa tena, maana kiapo kisingemfunga. Juni 23 mwaka huo alizuiliwa ndani ya Mnara wa Saa wa Bunge, na Agosti 1881 alitolewa bungeni kwa nguvu. Wapiga kura wakamrudisha mwaka 1881, 1882, 1884 na 1885. Hatimaye Januari 1886 Spika alimwacha aape, na mwaka 1888 Bradlaugh mwenyewe akaipitisha sheria iliyomruhusu yeyote kuthibitisha. Alipozikwa mwaka 1891, miongoni mwa waombolezaji alikuwemo mwanafunzi wa sheria kutoka Gujarat, Mohandas Gandhi, mcha Mungu kuliko wengi.

Nionavyo mimi, majaji wale walichanganya mambo mawili. Wema unatoka wapi ni jambo moja. Nani anaweza kuwa mwema ni jambo jingine. Muumini anaweza kusema, kama wengi wanavyosema, kwamba dhamiri imepandwa na Mungu katika kila nafsi. Akisema hivyo kwa dhati, hana budi kukubali kwamba dhamiri hiyo imo pia ndani ya Bradlaugh.

Afrika Mashariki ilirithi sheria hizo za Uingereza, nyingine zikipitia India. Hadi leo katika kumbukumbu za mahakama za Tanzania utakuta shahidi Mkristo ameapa, Muislamu amethibitisha. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa anayeshika madaraka hiari ya kuapa kwa jina la Mungu au kuthibitisha tu.

Mzigo mzito zaidi wa sheria za kiapo waliubeba watoto. Tangu kesi ya Brasier ya 1779, mtoto wa Kiingereza alipaswa kuelewa hatari ya kuapa uongo, na hiyo ilimaanisha adhabu ya Mungu. Ni katika miaka ya 1970 tu Mahakama ya Rufani ya kule iliposema inatosha aelewe uzito wa wajibu wa kusema kweli. Nchini Tanzania, hakimu alitakiwa kumhoji kwanza mtoto asiyezidi miaka 14 kama anaelewa maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli. Mahojiano yalipokosewa, ushahidi uliweza kupoteza nguvu au kufutwa, na baadhi ya waliohukumiwa kwa kubaka watoto wakaachiwa kwenye rufaa. Marekebisho ya 2016 yalimruhusu mtoto kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, ila aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza kwamba ahadi hiyo itolewe na kuandikwa kabla hajaanza kueleza yaliyompata.