Mogo ni Muhogo: Historia ya Chakula cha Mtaani Kisicho na Ngano

Kama umeshapita Ealing Road kule Wembley, au Southall, lazima umeliona neno "mogo" kwenye menyu. Wahindi wa London wanalitamka kama lao, na sasa ni lao kweli. Lakini sikiliza vizuri: mogo ni muhogo. Ni Kiswahili chetu, kimekatwa tu katikati.

Kwangu mimi muhogo si kumbukumbu ya nyumbani kwa bibi peke yake. Nina siliaki. Nikila gluteni, yaani ile protini ya ngano, shayiri na rai, mwili wangu unaushambulia utumbo wake wenyewe. Hakuna kidonge. Dawa ni kutokula kabisa, maana hata chembe za mkate zinatosha kuleta balaa. Kwa hiyo tukifika soko la usiku la vyakula vya Kiasia, wenzangu wananusa, mimi nauliza. Na majibu mengi ninayopewa, ukiyachimba, ni historia.

Muhogo wenyewe ulikuja Afrika kama mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta kutoka Brazil kuanzia karne ya 16. Wafanyabiashara wa Kigujarati waliokaa Zanzibar, Mombasa na baadaye Kampala waliukuta umeshakuwa chakula cha watu. Wakaula kama sisi: wa kuchoma, wa kukaanga, na ndimu na pilipili juu. Halafu siasa zikawahamisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wengi waliondoka Kenya. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wanafukuzwa Uganda, wakapewa siku 90. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Mali waliiacha, lakini ulimi hauporwi mpakani. Ndiyo maana leo "chakula cha mtaani cha Kihindi" hapa London kina muhogo, na kina neno la Kiswahili.

Sasa njoo kwenye ugonjwa, maana nao una historia ya London. Mwaka 1888 Samuel Gee, daktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, alichapisha maelezo ya ugonjwa huu. Alisema kama kuna tiba, itatoka kwenye chakula. Hapo alipatia. Lakini angalia orodha yake: alikataza wali na unga laini wa mahindi, akaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kubanikwa pande zote mbili! Yaani vyakula ambavyo leo vinaniweka hai ndivyo alivyovizuia, na chenye sumu akakiweka mezani. Mtoto mmoja alipata nafuu kwa kula kome wa Uholanzi kila siku. Msimu wa kome ulipokwisha, akarudi kuugua.

Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 60. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya vita. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake kuonyesha kwamba watoto hawa wakiondolewa ngano wanapona, wakirudishiwa wanaugua. Wali haukuwa na kosa. Mahindi hayakuwa na kosa.

Basi, kwa historia hiyo, ungedhani soko la Kiasia ni pepo yangu. Tambi za mchele, bajia za unga wa dengu, mogo: hakuna ngano hapo. Lakini ngano inajua kujificha. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, kwa hiyo tambi za mchele zikimwagiwa tu, zimeshaniponyoka. Mvuje, ule ambao kwetu pwani watu huutumia kumkinga mtoto na husuda, mara nyingi huuzwa dukani ukiwa umechanganywa na unga wa ngano, na mvuje huingia kwenye bajia na dengu. Hata nyumbani si salama: mchuzi wa urojo kule Zanzibar mara nyingi huwa mzito kwa sababu ya unga wa ngano.

Halafu kuna mafuta. Mama mmoja muuza mogo, aliyekulia Mombasa, nilimwamkia shikamoo akacheka kwa furaha.

"Marahaba mwanangu! Nikupe sahani kubwa?"

"Mama, mafuta haya unakaangia mogo peke yake?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana mwanangu. Sambusa zimepita humu humu. Usile. Ngoja nikuchomee mahindi."

Sheria ya Uingereza inasema chakula kikiitwa "kisicho na gluteni" kisizidi miligramu 20 kwa kilo, na tangu Desemba 2014 muuzaji lazima aweze kukwambia kama chakula chake kina nafaka zenye gluteni. Hiyo ni haki yako, itumie bila haya. Lakini yule mama hakunitajia sheria. Alinielewa kwa sababu nilimuuliza kwa lugha aliyojifunzia kuuza na kununua.

Kwa hiyo, nyinyi mnaosema Kiswahili chenu kimevunjika: kitoeni hivyo hivyo. Jina la chakula litakwambia kimetoka wapi. Kilichomo ndani, lazima uulize.