Wenye Hisa wa Benki ya Glasgow

Msomaji, huenda nyumbani kwenu mmekuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri na kuwekwa sandukuni pamoja na hati ya shamba. Ukimwuliza mzee wako, pengine atakueleza kwamba ni hati ya hisa za benki, na kwamba alizinunua mwaka 1988, Serikali ya Kenya ilipowauzia wananchi asilimia 20 ya hisa za Kenya Commercial Bank. Atakwambia pia kuwa kwa miaka mingi hisa hizo zimemletea gawio, nalo limesaidia kulipa karo. Utadhani basi kwamba hisa ni kama mnazi: ukishaupanda, kazi yako ni kuangua nazi tu.

Katika insha hii nataka kukusimulia habari za watu waliodhani hivyo hivyo, katika mji wa Glasgow, huko Uskoti, mnamo mwaka 1878. Lakini kwanza hapana budi tuelewane juu ya jambo moja ambalo hata watu wazima hulichanganya. Mtu anayeweka fedha zake benki huikopesha benki, na benki ina deni kwake. Mtu anayenunua hisa haikopeshi benki kitu. Yeye ni mmoja wa wenye benki. Faida ikipatikana, sehemu yake hugawanywa kwa wenye hisa, na hilo ndilo gawio. Hasara ikipatikana, hiyo nayo ni yao. Mwenye amana hulipwa kwanza, na mwenye hisa hungoja nyuma ya kila mtu.

Benki ya Jiji la Glasgow ilianzishwa mwaka 1839. Mwaka 1857, benki nyingine ya mji huo huo, iliyoitwa Western Bank, ilipoanguka, watu wakaingiwa na hofu, nayo Benki ya Jiji ikafunga milango yake kwa muda wa wiki chache. Baadaye ikafungua tena, na watu wakasahau. Ilifika hata ikawa na matawi 133, mengi yao katika vijiji na miji midogo, ambako wakulima, wavuvi na watumishi wa nyumbani waliweka akiba zao. Rasilimali ya wenye hisa ilikuwa pauni milioni 1. Amana za watu zilikuwa yapata pauni milioni 8. Kila mwaka gawio lililipwa, na kila baada ya muda likapanda kidogo, hata katika kiangazi cha mwaka 1878 wakurugenzi wakatangaza gawio la asilimia 12.

Hapa tusimame kidogo tufanye hesabu, maana wengi hudanganyika na tarakimu hii. Asilimia 12 ilikuwa ya thamani iliyoandikwa juu ya hisa, yaani pauni 12 kwa kila pauni 100. Walakini hakuna aliyeweza kununua hisa hizo kwa pauni 100. Bei yake sokoni ilikuwa pauni 236. Aliyetoa pauni 236 akapata pauni 12 kwa mwaka, kwa kweli alipata kama asilimia 5 ya fedha zake. Hata hivyo hayo yalikuwa mapato mazuri, kwa kuwa hati za Serikali ya Uingereza wakati ule zililipa asilimia 3 hivi. Kwa sababu hiyo hisa za benki zilipendwa na watu wasioweza kufanya kazi wala biashara, wenye kutaka mapato madogo yasiyokatika: wajane, mabinti wasioolewa, wachungaji wa kanisa waliozeeka, na wadhamini waliokabidhiwa mali za mayatima. Ukizisoma orodha za wenye hisa wa benki hiyo, utaona wanawake wengi mno.

Lakini hisa hizo zilikuwa na sharti ambalo siku za neema halikutajwa sana. Dhima ya mwenye hisa haikuwa na mpaka. Maana yake ni hii: benki ikishindwa kulipa madeni yake, kila mwenye hisa atadaiwa mpaka deni limalizike, hata ikibidi kuuza nyumba anamolala. Tangu mwaka 1858 sheria ya Uingereza iliziruhusu benki kuweka mpaka wa dhima, lakini nyingi hazikutaka. Wakubwa wa benki walisema kwamba mwenye amana atalala usingizi mzuri akijua kuwa nyuma ya benki iko mali yote ya wenye hisa wote. Kwa mwenye amana maneno hayo yalikuwa kweli, kama tutakavyoona.

Je, fedha za benki zilikuwa wapi? Sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa watu wachache sana. Makampuni manne tu ya wafanyabiashara yalikuwa yamekopeshwa zaidi ya pauni milioni 5 na nusu, yaani zaidi ya mara tano ya rasilimali yote ya benki. Mojawapo ya makampuni hayo lilikuwa la John Innes Wright, naye mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa benki! Fedha nyingine zilikuwa zimezama katika mashamba ya New Zealand na Australia, na katika reli moja huko Marekani. Wadeni wakubwa walikuwa wameshindwa kulipa zamani. Lakini kama benki ingewadai kwa nguvu, wangefilisika, na hasara ingejulikana. Kwa hiyo wakakopeshwa zaidi. Riba waliyopaswa kulipa haikulipwa, bali iliongezwa juu ya deni, kisha ikaandikwa vitabuni kuwa ni faida.

Msomaji, lifikiri jambo hilo. Riba ambayo hakuna aliyeilipa iliitwa faida, na kutoka katika faida hiyo ya wino gawio likatolewa kwa fedha taslimu. Zilitoka wapi fedha hizo? Zilitoka katika amana za watu. Mjane aliyepokea pauni zake 12 alikuwa akilishwa akiba ya mvuvi wa kijiji cha jirani, wala yeye hakujua, wala mvuvi hakujua. Gawio lilipandishwa kwa sababu kulishusha kungewatia watu wasiwasi. Fauka ya hayo, benki ilinunua hisa zake yenyewe kisirisiri ili bei isishuke, na katika hesabu zilizotangazwa madeni yakapunguzwa na dhahabu ikaongezwa kwa kalamu.

Tarehe 2 Oktoba 1878 benki haikufungua milango. Wakaguzi walipomaliza kazi yao, ilionekana kwamba rasilimali yote na akiba yote imekwisha, na juu yake limebaki pengo la zaidi ya pauni milioni 5. Benki nyingine za Uskoti zilikubali kupokea noti za benki iliyoanguka, ili ghasia zisitokee. Nao wenye amana wakaja kulipwa fedha zao zote. Sharti la dhima isiyo na mpaka lilifanya kazi yake sawasawa. Fedha za kuwalipa zilitoka kwa wenye hisa.

Walikuwa wenye hisa 1,819. Mwito wa kwanza ulidai pauni 500 kwa kila pauni 100 za hisa. Tuchukue mfano wa mjane mwenye hisa za pauni 200. Alikuwa amezinunua kwa pauni 472, nazo zilimpa pauni 24 kwa mwaka, fedha zilizomtosha chakula na makaa ya kuotea moto. Sasa aliandikiwa barua ya kulipa pauni 1,000. Wengi hawakuwa nazo. Wakauza vyombo, wakauza nyumba, wakatangazwa kuwa wamefilisika. Na kwa kuwa hao hawakuweza kulipa, mzigo wao ukawaangukia waliobaki, na mwaka 1879 ukaja mwito wa pili: pauni 2,250 kwa kila pauni 100. Mjane wetu, kama alikuwa bado amesimama, alidaiwa pauni 4,500 nyingine. Mwisho wa mambo, wenye hisa waliosalia bila kufilisika walikuwa 254 tu.

Kati ya habari zote hizi, mimi huhuzunishwa zaidi na ile ya wadhamini. Hawa walikuwa watu waliopewa mali ya marehemu wawatunzie watoto wake. Hisa ziliandikwa kwa majina yao, lakini hawakula hata peni moja ya gawio. Walipodaiwa, walijitetea mahakamani kwamba hisa si zao, na kwamba adaiwe urithi wa watoto, wasidaiwe wao wenyewe. Kesi ikafika mbele ya Baraza la Malodi mwaka 1879. Hukumu ikatoka kwamba jina lililo katika daftari ndilo linalodaiwa. Hivyo mtu aliyekubali kumsaidia rafiki yake aliyekufa akapoteza nyumba yake mwenyewe. Hata benki nyingine haikusalimika: Benki ya Caledonian ya mji wa Inverness ilikuwa na hisa chache, za pauni 400 tu, ilizozishika kama rehani, na kwa ajili ya hizo watu wakaikimbia hata ikabidi ifungwe kwa miezi kadhaa.

Wakurugenzi sita na meneja walishtakiwa katika mahakama kuu ya Edinburgh mwanzoni mwa mwaka 1879. Wote saba walionekana na hatia. Meneja, Robert Stronach, na mkurugenzi mmoja, Lewis Potter, walifungwa miezi 18. Wengine watano miezi 8 kila mmoja. Adhabu hizo zilikuwa ndogo mno machoni pa watu wengi, na mimi naona walikuwa na haki kusema hivyo.

Bunge lilifanya haraka kuliko ilivyo desturi yake. Sheria ya mwaka 1879 iliziwezesha benki za zamani kuweka mpaka wa dhima, na ikazilazimisha benki zitakazoandikishwa kwa namna hiyo zifanyiwe ukaguzi wa hesabu kila mwaka. Mwaka 1882 benki za Uskoti zilizokuwa bado na dhima isiyo na mpaka zikaandikishwa upya. Tangu hapo aliyenunua hisa za benki alijua kiasi anachoweza kupoteza.

Usidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya mbali na pwani yetu. Mmoja wa wakurugenzi wa benki ile hadi mwaka 1870 alikuwa William Mackinnon, tajiri wa meli. Baada ya benki kuanguka, waliokabidhiwa kuifilisi walimshtaki wakimdai fedha nyingi kwa mambo ya wakati wake. Kesi ikaendelea hata mwaka 1882, naye akashinda. Ni Mackinnon huyo huyo aliyepata kwa Sultan Barghash wa Unguja, mwaka 1887, mkataba wa kutawala pwani, na kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ikapewa hati ya kifalme mwaka 1888. Wenye hisa wa kampuni hiyo hawakupata gawio kamwe. Mwaka 1895 haki na mali zake zilinunuliwa kwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa katika mali ya Sultan. Jina la Mackinnon ungali ukiliona kwenye kituo cha reli cha Mackinnon Road, katika njia ya kutoka Mombasa kwenda Voi.

Na leo je? Benki tatu za Kenya ziliwekwa chini ya usimamizi wa wengine kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016. Kwa sheria, wenye hisa wao waliweza kupoteza walichotoa, lakini hakuna aliyeweza kudaiwa shamba lake. Tangu mwaka 2020 mwenye amana amekingwa mpaka shilingi 500,000; mwenye hisa hana kinga kama hiyo. Benki za Kenya hutakiwa kutangaza hesabu zao kila miezi mitatu, nazo huchapishwa magazetini kwa herufi ndogo sana. Siku moja mkiwa mmekaa barazani, mwombe mzee ruhusa, utafute ukurasa wa benki yake. Gawio utaliona upesi. Ukishuka chini zaidi utakuta mistari inayoonyesha mikopo ambayo wakopaji wameacha kuilipa, na hapo chukua kalamu, ulinganishe na tarakimu ya mwaka uliotangulia.