Saratani na kalamu: wagonjwa wanapogeukia utunzi

Mji wa Durban, pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, una sifa mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Ni mji wa washairi, na ni mji ambao wagonjwa wa saratani kutoka sehemu nyingi za jimbo la KwaZulu-Natal huufuata kutafuta tiba.

Sifa hizo hukutana pale mgonjwa anaposhika kalamu, pengine kwa mara ya kwanza tangu aache shule, akaanza kutunga.

Muda wa kusubiri

Tiba ya saratani imejaa kusubiri. Mionzi hutolewa kwa dakika chache, kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Dawa za kemikali hutolewa kwa awamu, na mara nyingi mgonjwa hungoja wiki mbili au tatu kabla ya awamu inayofuata.

Mjini Durban kusubiri huko kuliwahi kuzua malalamiko makubwa. Mwezi Juni 2017, Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini ilisema idara ya afya ya jimbo imekiuka haki za wagonjwa wa saratani katika hospitali za Addington na Inkosi Albert Luthuli, kutokana na uhaba wa mashine na madaktari bingwa.

Shairi haliwezi kuziba pengo la mashine. Hata hivyo, mgonjwa ambaye siku zake zinapangwa na hospitali hubaki na jambo moja la kuamua mwenyewe: neno lipi litangulie.

Kutoka kitandani

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mshairi Mmarekani Audre Lorde. Aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mwaka 1978, na mwaka 1980 akachapisha The Cancer Journals, kitabu kilichovunja ukimya wa wanawake kuhusu maradhi hayo.

Saratani ilipofika kwenye ini, aliandika tena. Kitabu chake cha mwaka 1988, A Burst of Light, kinabeba shajara ya ugonjwa pamoja na insha kuhusu ubaguzi wa rangi Marekani na Afrika Kusini. Alifariki dunia mwaka 1992.

Durban kwenyewe, saratani ndiyo iliyomuua Mazisi Kunene, Agosti 2006, akiwa na umri wa miaka 76. Akiwa uhamishoni kwa zaidi ya miaka 30, Kunene alitunga kwa Kizulu, mbali na wasomaji wa lugha hiyo. Utenzi wake juu ya Shaka ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1979; matini ya Kizulu ilichapishwa mwaka 2017, mtunzi akiwa kaburini. Anayeandika bila kujua kama atasomwa ana mtangulizi katika mji huu.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 60 wenye saratani ya titi ya hatua za awali. Walioandika hisia zao za ndani kabisa waliripoti dalili chache za mwili kuliko walioandika taarifa tupu za matibabu yao.

Tafiti za baadaye hazikukubaliana: baadhi ziliona nafuu ndogo, nyingine hazikuona kitu. Uandishi hauponyi saratani, wala si mbadala wa dawa.

Mkono ukishindwa

Baadhi ya dawa hutia ganzi vidoleni, na uchovu huvuruga kumbukumbu. Hapo sauti hushika nafasi ya kalamu: mgonjwa husimulia, jamaa huandika au simu hurekodi.

Kwa Wazulu hilo si geni. Izibongo, mashairi yao ya sifa, yalitungwa na kuhifadhiwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Durban, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2017 kuwa mji wa kwanza wa fasihi barani Afrika, ilirithi fani hiyo. Mgonjwa asiyeweza kushika kalamu bado anaweza kutunga.