HISTORIA YA MAJANI YA KANDO YA BARABARA



Wako watu wanaoidharau kazi ya kukata majani ya mitaroni na kuwauzia wenye ng'ombe. Husema ni kazi ya mtu aliyeshindwa na maisha. Lakini atakayeichungua historia ataona kwamba chanzo chake ni mageuzi ya ardhi, wala si uvivu wa mtu.

Zamani katika nchi ya Wakikuyu mifugo ililishwa katika malisho ya ukoo na katika mashamba yaliyopumzishwa. Hata muhoi, yaani mtu aliyekaribishwa kulima katika ardhi ya mwenziwe, alipata mahali pa kulishia mbuzi wake. Mwaka wa 1954 Bwana R. J. M. Swynnerton wa Idara ya Ukulima alitoa mpango wa kuendeleza ukulima wa Waafrika. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikakusanywa kuwa shamba moja, mipaka ikapimwa, na wenyewe wakapewa hati. Faida yake haikanushiki, kwani wengi walipata njia ya kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Lakini mpango wenyewe ulikiri kwamba wenye uwezo wangeongeza ardhi na maskini wangepungukiwa, hata yatokee matabaka mawili, wenye ardhi na wasio nayo. Ndivyo ilivyokuwa. Kazi ilifanywa upesi wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi wakiwa kizuizini, na ahoi wengi wakaachwa mikono mitupu. Malisho ya wote yakawa mashamba ya watu. Ukingo wa barabara ndio uliobaki wazi kwa asiye na shamba.

Tangu mwaka wa 1980 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, iliwafundisha wakulima wadogo kufuga ng'ombe zizini na kuwaletea chakula humo. Ng'ombe mmoja wa maziwa huweza kula kiasi cha kilo 70 za matete mabichi kwa siku. Mwenye shamba dogo hupungukiwa, hasa wakati wa kiangazi, na hapo ndipo mkata majani anapohitajiwa.

Mwenye busara hangoji kiangazi. Hukata wakati majani ni mengi, kabla hayajakomaa na kuwa magumu, akayaanika na kuyageuza mpaka yakauke vizuri, kisha akayashindilia katika sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Robota moja huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Huondoa nyaya na mifuko ya plastiki, maana humwua ng'ombe. Hakati penye mafuta ya magari, wala hang'oi mizizi inayoshika udongo wa mtaro. Hukumbuka pia kwamba hifadhi ya barabara ni mali ya umma, na apandaye matete hapo hapati haki ya kuimiliki.

Nanyi wenye ng'ombe, yafaa mpime mzigo kwa mizani na kulipa siku ile ile. Maziwa mnayouza asubuhi yametoka katika mgongo wa mtu aliyeinama mtaroni jana. Hati ya shamba iliwapa wengine ardhi; haikuwapa ruhusa ya kumpunja aliyeikosa.