Tambi za Waitaliano na Sisi

Bibi harusi akipelekwa na mumewe kwenye mgahawa mdogo wa Kiitaliano pale Malindi, huenda akajiona mgeni. Lakini tambi, ambazo sisi huzipika kwa nazi na sukari mwezi wa Ramadhani, zina historia ndefu na Waislamu.

Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger II wa Sicily kitabu chake. Humo alieleza kuwa Trabia, karibu na Palermo, zilitengenezwa itriyya, yaani tambi kavu, zikasafirishwa kwa shehena za merikebu hadi nchi za Waislamu na za Wakristo.

Malindi Waitaliano walikuja baadaye. Miaka ya 1960 walianzisha kituo cha San Marco huko Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha satelaiti kutoka baharini. Watalii wakafuata, na migahawa pia.

Basi tuketi kwa raha, ila tuulize kabla ya kuagiza. Mchuzi wa nyama mara nyingi hutiwa mvinyo, na carbonara ya asili ina nguruwe. Kuuliza si ushamba, dada. Ni dini yetu. Za nyanya na kitunguu saumu zatutosha. Bismillah.