Nukta za Mwanga Kisogoni

Eneo la ubongo linalofanya kazi ya kuona haliko jirani na macho. Liko nyuma kabisa, kisogoni. Mwaka 1929 daktari Mjerumani Otfrid Foerster aligusa eneo hilo kwa umeme hafifu wakati wa upasuaji, na mgonjwa wake, ambaye hakuwa amelazwa usingizi, akasema anaona nukta ya mwanga. Basi kama jicho limekufa na ubongo ungali mzima, huenda mwanga ukapitishiwa njia nyingine.

Ilipita karibu miaka 40 kabla ya wazo hilo kujaribiwa kwa dhati. Huko Cambridge, Uingereza, mwanafiziolojia Giles Brindley na daktari wa upasuaji Walpole Lewin walimwekea mama mmoja wa miaka 52, muuguzi mstaafu aliyepofuka, elektrodi 80 za platinamu juu ya upande wa kulia wa ubongo. Ziliunganishwa na vipokezi vidogo vya redio vilivyofungwa kwa skrubu kwenye fuvu, chini ya ngozi, bila waya wowote kutokeza nje. Mtafiti alipoweka koili ya kurushia mawimbi juu ya kichwa chake, mama alieleza anachokiona: mara nukta moja nyeupe, mara nukta kadhaa, mara kiwingu kidogo. Karibu nusu ya elektrodi zilileta mwanga. Kwa kawaida nukta zilitoweka umeme ulipokatwa, lakini ulipokuwa mkali, nyingine zilikaa hata dakika 2. Na alipogeuza macho yake yasiyoona, nazo zilihama pamoja nayo.

Ripoti ya jaribio hilo, iliyotoka mwaka 1968, ni ya kitaalamu sana, lakini kila kilichopimwa ndani yake kilitoka kinywani mwa mama yule. Hakuna mashine iliyoweza kuona alichokiona. Ndiyo maana naona si haki kuisimulia historia hii kama ya madaktari peke yao.

Nchini Marekani, William Dobelle alilifuata wazo hilo maisha yake yote. Mgonjwa wake mmoja aliwekewa elektrodi 64 mwaka 1978, akakaa nazo zaidi ya miaka 20. Kufikia mwaka 2000 alikuwa akivaa miwani yenye kamera na kompyuta kiunoni, akitambua herufi kubwa zilizo umbali wa kama mita moja na nusu. Mwaka 2002 Dobelle aliwapeleka wagonjwa wengine Lisbon, Ureno, wakapasuliwe huko. Mmoja wao alizidishiwa umeme wakati wa majaribio akapata kifafa. Baadaye mtu huyohuyo aliendesha gari polepole uwanjani. Dobelle alifariki mwaka 2004, na huduma ya vifaa vile ikakatika. Watu wakabaki na elektrodi vichwani bila fundi.

Jambo hilo lilijirudia kwa Argus II, kifaa cha kampuni ya Second Sight ya California, ambacho kilikuwa kikipandikizwa kwenye retina, ndani ya jicho. Zaidi ya watu 350 walikipata. Mwanamke mmoja alikuwa akishuka ngazi katika kituo cha treni za chini ya ardhi New York aliposikia mlio mdogo, kisha giza likarudi. Kifaa chake hakikuwaka tena. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika. Nadhani hapa ndipo sheria zimelala: dawa hukaguliwa kabla ya kumfikia mgonjwa, lakini nani anawajibika kwa kifaa kilichomo mwilini baada ya duka kufungwa?

Vipandikizi hivi si vya kila kipofu. Hadi sasa vimejaribiwa hasa kwa watu waliowahi kuona, na mtoto wa jicho, chanzo kikubwa cha upofu duniani, hutibiwa kwa upasuaji mfupi usiohitaji kompyuta yoyote.

Utafiti haujasimama. Mjini Elche, Hispania, Eduardo Fernández na wenzake walitumia kibao chenye sindano 96 zinazoingia ndani ya ubongo badala ya kukaa juu yake, hivyo umeme unaohitajika ni kidogo zaidi. Aliyejitolea ni mwalimu wa zamani aliyekuwa kipofu kwa miaka 16. Kwa miezi sita alijifunza kutambua baadhi ya herufi na kingo za vitu, kisha kibao kikatolewa kama ilivyokubaliwa tangu mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na jina la mwalimu huyo limo katika orodha ya waandishi.